Shingo ya roboti tufe: shajara ya mradi, Tandika, Dar es Salaam

Natengeneza roboti ya tufe linalobingirika, lenye kichwa kinachokaa juu yake. Sehemu ya kwanza ya kazi hii, yaani tufe lenyewe na mota za kulibingirisha, niliimaliza Desemba 2024. Tufe ni la faiba, kipenyo sentimita 50, unene milimita 4, vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu. Ndani kuna fremu inayoning'inia kama timazi, betri zikiwa chini kabisa. Mota zikiusukuma uzito huo mbele, tufe zima linaufuata.

Sasa ni zamu ya kichwa. Kinakaa juu ya tufe bila skrubu wala gundi, na tufe likizunguka chini yake chenyewe hubaki juu. Ndani ya tufe kuna mlingoti uliosimama kwenye fremu, na kwenye ncha yake kuna sumaku. Kichwani zimo sumaku nyingine zinazotazamana na zile, ukuta wa faiba ukiwa katikati. Mlingoti ukiinama kichwa kinainama, na ukigeuka kinageuka. Kazi ya kuuinamisha na kuugeuza nimewapa sevo tatu aina ya MG996R, zile mota ndogo unazoziambia pembe nazo zinakwenda hapo na kushika.

Mimi ni fundi wa televisheni na redio, kwa hiyo vitu kadhaa nimevitoa kwenye mashine mbovu na sikuvilipia. Nilivyonunua nimeviandikia bei, pamoja na vilivyoharibika.

11 Januari 2025. Sumaku za kwanza

Kariakoo nilinunua sumaku nane za neodimiamu, kipenyo milimita 10, unene 2, shilingi 1,500 kila moja. Mezani zilinipa moyo kwa sababu mbili zikishikana huwezi kuzitenganisha kwa kucha. Nilipoweka kipande cha faiba cha milimita 4 katikati zilishikana kwa unyonge. Nikaongeza nafasi ya milimita 3 kila upande, kwa ajili ya magurudumu ya kichwa na kwa ajili ya mlingoti usikwaruze, na hapo hazikuweza kushika hata kopo tupu la rangi.

Nguvu ya sumaku hupungua haraka mno kadiri nafasi inavyoongezeka. Hesabu yangu ingepaswa kuanzia kwenye milimita 10 za kati, maana ndiko sumaku zitakakofanya kazi. Anayetaka kuiga aanze hapo: akate kipande cha ukuta wake halisi, aende nacho dukani, ajaribu sumaku nacho kabla ya kutoa hela.

Nilirudi na kuchukua nane za milimita 20 kwa 5, shilingi 5,000 kila moja. Hizo zinashika.

Zina hatari yake, na nataka niiseme mapema. Mtoto akimeza sumaku mbili za namna hii zinaweza kuvutana huku kuta za utumbo zikiwa katikati na kuutoboa. Zangu zinakaa kwenye kopo la chuma juu ya kabati, na kila jioni nazihesabu.

18 Januari. Gundi na ncha zake

Ncha ya mlingoti ina sumaku tatu zilizopangwa pembetatu, na kichwa kina tatu. Mara ya kwanza nilizielekeza zote upande mmoja: za chini zote kaskazini juu, za kichwani zote kusini chini. Zilishika, lakini kichwa kilikuwa kinakubali kukaa mikao mitatu. Ukikisukuma kidogo kinaruka theluthi ya mzunguko na kutazama kando. Dawa yake ni kupindua sumaku moja kila upande. Sasa mkao ni mmoja tu, kwa sababu kwenye ile miwili mingine sumaku zinasukumana.

Kosa lililonigharimu ni haraka. Nilipaka epoksi sumaku zote tatu kwa wakati mmoja, nikageuka kuchukua kitambaa, na mbili zikarukiana. Moja ikapasuka katikati. Neodimiamu ni ngumu lakini inavunjika kama sahani ya udongo. Nimejifunza kugundisha moja, kuiacha ikauke usiku kucha, ndipo niguse ya pili, na kila moja nimeitia alama ya rangi ya kucha upande wa kaskazini. Usitumie moto kuharakisha gundi, maana sumaku za kawaida za aina hii hupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 za Selsiasi.

Epoksi 7,000. Sumaku moja imekwenda.

25 Januari. Magurudumu ya kichwa

Mpwa wangu wa kidato cha pili ndiye aliyenipa jibu, akiwa ameshika kichupa cha roli-oni: "Mjomba, si haka kampira kanazunguka pande zote?" Tulinunua tatu kwa 3,500 kila kimoja, tukavikata shingo, tukaosha mafuta yote kwa sabuni ya unga, tukavipachika chini ya kichwa. Kampira kanakaa ndani ya kikombe chake kinachokatosha barabara, na kanazunguka upande wowote. Ni kazi nzuri kuliko magurudumu yote niliyoyachonga mwenyewe.

8 Februari. Egemeo mahali pasipo pake

Wiki mbili zilikwisha hapa.

Mlingoti unainama pande mbili, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kiungo chake nimekitengeneza kwa vipande vya aluminiamu kutoka Gerezani (mabaki, 8,000), kwa mfano wa krosi ya shafti ya gari: fremu ndogo ndani ya fremu kubwa, kila moja na ekseli yake. Fundi gereji yeyote akikiona anakijua.

Tatizo lilikuwa mahali pa kukiweka. Ekseli ya kubingirishia tufe ilipita katikati kabisa, kutoka ubavu hadi ubavu, kwa hiyo nilishusha egemeo la mlingoti, yaani kiungo hicho, sentimita 3 chini yake. Nikapima urefu wa mlingoti ukiwa wima na kuacha nafasi ya milimita 2 kati ya ncha na ukuta. Ukiwa wima, safi. Ukiinama nyuzi 20, unakwaruza. Nyuzi 25, unakwama kabisa na sevo inaanza kulia.

Nilidhani tufe halikuwa duara sawasawa, nikalisaga kwa msasa ndani jioni mbili nzima. Vumbi la faiba linawasha ngozi siku tatu, vaa glavu na barakoa. Halafu nikachora kwenye karatasi na bikari na jibu likaja pale pale. Kutoka katikati ya duara, umbali hadi ukutani ni mmoja kila upande. Kutoka sentimita 3 chini ya katikati, umbali wa kwenda juu ni mrefu kuliko wa kwenda ubavuni. Kwa tufe langu tofauti hiyo kwenye nyuzi 25 inafika karibu milimita 3, na mimi nilikuwa nimeacha mbili.

Hakuna njia ya mkato, egemeo lazima liwe katikati ya tufe. Nilikata ekseli ndefu, nikaweka mbili fupi, moja kila ubavu, na katikati pakabaki wazi kwa ajili ya kiungo. Kama ningeuchora mchoro huo kabla ya kuunganisha tufe Desemba, kazi ya jumamosi tatu ingekuwa ya jioni moja.

22 Februari. Kinaanguka pale pale

Kichwa kimesimama juu ya tufe kwa mara ya kwanza! Kimetengenezwa kwa magazeti na gundi ya unga juu ya bakuli, kina gramu 610. Tulibingirisha tufe kwa mkono sebuleni na kichwa kikabaki juu, kikayumba kidogo, kisha kikaanguka.

Tukarudia, kikaanguka tena. Nilianza kufikiria sumaku kubwa zaidi. Mpwa wangu akachukua chaki, akawa anatia alama kwenye tufe kila kinapoanguka. Baada ya mara kumi alama zote zilikuwa kwenye mstari mmoja: ule unaounganisha vipande viwili vya tufe. Pale faiba ilipigwa tabaka la ziada kushikilia skrubu, na unene wake ni milimita 9 badala ya 4.

Kuusaga ule ukingo hadi milimita 5 kulisaidia nusu. Nusu nyingine ilitatuliwa na springi. Badala ya kuacha nafasi maalumu kati ya ncha ya mlingoti na ukuta, nimeifanya ncha iusukume ukuta wenyewe kwa vigurudumu vitatu, kila kimoja kikiwa juu ya springi. Ukuta ukiingia ndani ncha inarudi, na ukitoka ncha inaufuata. Springi ya kalamu ni laini mno. Iliyofaa ni ile ndogo ya ndani ya kabureta ya pikipiki, 2,000 kila moja kwa muuza spea yeyote wa bodaboda.

Tangu siku hiyo chaki haijagusa mstari ule.

15 Machi. Sevo imeungua, na nililaumu programu

Ingizo hili ni refu kwa sababu makosa mawili yalijificha moja nyuma ya jingine.

Dalili zilikuwa hivi. Naamuru kichwa kiiname mbele nyuzi 25. Kinaanza vizuri, kinafika katikati, kinatetemeka, halafu ghafla kinaruka kurudi wima na kudondoka sakafuni. Si kila mara. Asubuhi betri ikiwa imejaa kinaweza kufanya mara tano bila shida. Nilisoma programu mstari kwa mstari, nikaiandika upya, na hali ikabaki ile ile. Jumapili ya tarehe 9 nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua, na sevo ya mbele na nyuma haikuwaka tena. Shilingi 22,000, bei ile ile ya kila sevo.

Baada ya hapo ndipo nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga Januari. MG996R ina nguvu ya kilo 9.4 kwenye sentimita 1 ikipewa volti 4.8, yaani mkono wa sentimita 1 kutoka kwenye ekseli yake unaweza kubeba kilo 9.4, na mkono wa sentimita 10 unabeba sehemu ya kumi ya hizo. Sasa tazama mzigo wangu. Kichwa gramu 610, uzito wake ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye egemeo: 0.61 mara 30 ni 18.3. Mlingoti na sumaku na sevo ya kugeuza niliyoiweka kileleni, gramu 300 kwa wastani wa sentimita 18: 5.4. Jumla 23.7. Kwenye nyuzi 25 zidisha kwa 0.42 (sine ya pembe hiyo), unapata karibu 10. Nilikuwa naiomba sevo zaidi ya ilichonacho, tena kabla ya kuhesabu msuguano.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni umeme. Sevo iliyozidiwa nguvu haisimami kimya, inavuta ampea 2.5 au zaidi ikijaribu. Nilikuwa nalisha sevo zote tatu na bodi ya Arduino, ile kompyuta ndogo inayoendesha programu, kutoka kwenye kipunguza volti kimoja cha LM2596 (6,000), ambacho mwisho wake ni ampea 3 na chapata moto kabla ya hapo. Sevo ikikwama volti zinaporomoka, Arduino inazimika na kuwaka upya, na programu ikiwaka upya jambo la kwanza inalofanya ni kuzirudisha sevo zote katikati kwa kasi yote. Ndiyo ile ruka niliyokuwa naiona. Programu ilikuwa inafanya nilichoiandikia.

Marekebisho ya umeme: kipunguza volti cha ampea 5 kwa ajili ya sevo peke yake (12,000), kapasita ya maikrofaradi 1,000 karibu na sevo ili iwe akiba ya umeme wa ghafla, na Arduino ina njia yake. Waya hasi za pande zote mbili ziunganishwe pamoja, bila hivyo sevo hazitaielewa ishara ya bodi.

29 Machi. Kuipa sevo unafuu

Kariakoo siku hizi za mwisho za mfungo haipitiki, lakini sevo mpya imepatikana.

Nimetumia njia tatu pamoja.

Ya kwanza ni wenzo. Sevo inaweza kwenda nyuzi 180, mimi nahitaji chini ya 50, na zilizobaki zilikuwa zinalala bure. Mkono wa sevo nimeuweka sentimita 2, na mahali fito ya kuviunganisha inaposhika kwenye mlingoti ni sentimita 4 kutoka kwenye egemeo. Nguvu imeongezeka karibu mara mbili na mwendo umepungua nusu. Sevo ikienda nyuzi 50 mlingoti unainama 22. Zile 25 nimeziacha, na sioni hasara.

Ya pili, sevo ya kugeuza kichwa nimeishusha kutoka kileleni hadi chini ya egemeo. Mlingoti sasa ni ekseli ya chuma ya milimita 8 niliyoitoa kwenye printa mbovu, inayozunguka ndani ya beringi mbili za 608 (3,000 kila moja; tundu lake ni milimita 8 kamili, inaingia bila kuchongwa). Uzito uliokuwa unaumiza juu sasa unasaidia chini.

Ya tatu, nilishuka Feri nikanunua chubwi za wavuvi, shilingi 5,000. Nimezifunga sentimita 12 chini ya egemeo, na zikijumlishwa na ile sevo zinafika karibu nusu kilo. Hizo zinaondoa 6 kwenye ile hesabu.

26 Aprili. Mvua

Sikukuu ya Muungano, mvua tangu alfajiri. Nimepima kichwa kwa mizani ya dukani: gramu 690. Magazeti yamekunywa unyevu wa masika kupitia nyufa za rangi, na upande mmoja umelegea hadi roli-oni moja haigusi.

Nimekitupa. Kichwa kipya nimekichonga kutoka kwenye lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya maboksi ya televisheni, ambalo dukani kwangu limejaa hadi darini. Kisu chenye moto kidogo, msasa laini, kitambaa chembamba juu yake na tabaka moja la epoksi (7,000 nyingine). Gramu 380 pamoja na sumaku na roli-oni. Usilipake rangi ya kupuliza moja kwa moja, inaliyeyusha, tanguliza epoksi.

Hesabu mpya: 0.38 mara 30 ni 11.4, ongeza zile 5.4 za mwanzo (ingawa sevo imeshuka), toa 6, inabaki 10.8. Kwenye nyuzi 22 ni kama 4, na wenzo unaigawa kwa mbili. Sevo inabeba 2 kati ya 9.4. Nimeiinamisha mara mia moja mfululizo, nikaishika kwa mkono, ni vuguvugu tu.

17 Mei. Mtetemo

Kichwa hakianguki tena, ila kinatetemeka kila ninapobonyeza simu ninayokiongozea. Bluetooth yangu inaingia kwenye pini za kawaida za Arduino, na kipande cha programu kinachoisoma husimamisha shughuli nyingine zote kwa muda mfupi kila herufi inapofika. Sevo husubiri mpigo wa kati ya milisekunde 1 na 2 kila baada ya milisekunde 20. Mpigo ukichelewa kidogo tu nayo inasogea kidogo. Bodi ya PCA9685 (25,000) imemaliza jambo hilo kwa sababu inatoa mipigo yenyewe, Arduino inaipelekea namba tu. Bodi hiyo inagawa kila milisekunde 20 vipande 4,096, na namba ni idadi ya vipande vya mpigo: kwangu katikati ni 307, na mipaka ni 205 na 410.

Nimeondoa pia mwendo wa ghafla. Zamani kichwa kilikwenda mwisho wa safari kwa theluthi ya sekunde na sumaku zikakiacha nyuma. Sasa kinaanza polepole, kinashika kasi katikati, kinapunguza mwishoni, sekunde 1.2 kwa jumla. Mama yangu alipoona kinavyogeuka kumtazama akakiitikia salamu, na nilifurahi kuliko siku zote za mradi huu.

14 Juni. Kinainama, tufe linaondoka

Barazani, sakafu tambarare. Kichwa kikiinama mbele, tufe lote linajisogeza mbele kama sentimita 3. Ni haki yake, maana nimehamisha uzito mbele nalo linatafuta mizani. Dawa ni kuzungusha fremu ili betri za chini ziende nyuma kwa nyuzi 6 wakati ule ule kichwa kinapoinama. Niliandika namba 6 moja kwa moja ikafanya kazi barazani, ikashindwa kwenye mteremko wa mlangoni. Sasa MPU6050, kihisi cha mwendo kilichokuwa kwenye droo, inapima mwelekeo wa fremu na mota zinafuata kipimo hicho. Tufe linatulia.

Hili lina faida yake. Mlingoti umesimama kwenye fremu, kwa hiyo betri zikirudi nyuma 6 kule chini, wenyewe huku juu unakwenda mbele 6. Zile nyuzi 22 za mlingoti, anayetazama kutoka nje anaziona 28. Kwa kuitikia salamu zinatosha. Kwa kutazama kitu kilicho sakafuni bado hazitoshi.

Matumizi yote ya shingo hadi leo ni shilingi 232,500. Kati ya hizo 45,000 ni za vilivyokwenda bure: sevo moja, sumaku nane ndogo, sumaku kubwa moja iliyopasuka na kipunguza volti.

Kilichobaki kwenye orodha ni vumbi. Baada ya nusu saa uani roli-oni zinashika mchanga na kuchora mistari kwenye rangi ya tufe. Mpwa wangu anataka kujaribu pete ya sponji kuzunguka kila kampira, na amekwishakata ya kwanza.